Nyumba ya Tatu Katika Safu ya Nyumba Sita: Uchunguzi wa Nyumba ya Zamani Mwanza Mjini Kabla ya Kulipa

Chukua nyumba hii. Iko katikati ya Mwanza, kwenye mtaa unaoteremka taratibu kuelekea ziwani, ya tatu ukihesabu kutoka juu katika safu ya nyumba sita zilizoungana. Mbele ina upana wa mita 5.2. Kuna chumba cha duka chenye mlango wa mbao wa kukunja, vyumba viwili nyuma yake, uani uliomwagwa zege, kisha jiko, choo na mlango wa kutokea kichochoroni. Ni aina ya jengo walilolijenga wafanyabiashara wa Kihindi mjini katika miongo iliyofuata reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928: msingi wa mawe, kuta za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa chokaa na mchanga, bati la mgongo juu ya mbao za mvule, na paripeti upande wa barabarani inayoficha bati lisionekane.

Imewekwa sokoni mwishoni mwa Septemba, ikiwa imepakwa rangi upya nje na ndani. Dalali anasema nyumba haina tatizo ila ufa juu ya mlango wa duka, na kwa ajili ya ufa huo muuzaji yuko tayari kushusha bei kidogo. Mnunuzi naye macho yake yote yameganda kwenye ufa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyumba inayosimama peke yake ina kuta nne zake. Nyumba ya safu ina mbili tu. Zile nyingine mbili ni za kushirikiana, na mara nyingi gata, bomba la majitaka na hata kiwanja navyo ni vya kushirikiana. Ugonjwa wake mkubwa huwa pale inapogusana na jirani, na usipotafuta hapo hutauona.

Mnunuzi wa nyumba hii alifanya jambo moja la maana kabla ya kumwita fundi yeyote: aliomba wiki sita kwa maandishi. Ndani ya wiki hizo muuzaji hamwonyeshi mtu mwingine, na mnunuzi anaruhusiwa kutoboa dari, kuinua mifuniko ya chemba na kugonga lipu sehemu tatu zilizotajwa, kwa sharti la kuzirudishia. Wiki sita kuanzia mwisho wa Septemba zinavuka kutoka kiangazi hadi mvua za vuli. Kwa nyumba ya zamani kanda ya ziwa, hakuna kipindi kizuri kuliko hicho. Nyumba iliyokaguliwa Julai peke yake haijakaguliwa.

Ufa uliomtisha kila mtu

Ufa wenyewe ulianzia pembe ya juu ya mlango ukapanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya tofali, hadi chini ya paripeti. Juu ulikuwa na milimita 4, chini milimita 1. Kipimo cha haraka ni kijiti cha kiberiti, ambacho unene wake ni kama milimita 2: kisipoingia, ufa ni wa kuandikwa na kufuatiliwa, vikiingia viwili au vitatu kwa pamoja, unatafuta sababu kabla ya jambo lingine lolote. Ufa wa milimita 15 na kuendelea ni wa mhandisi, si wa fundi mwashi.

Upana pekee hausemi kama ufa unaishi au umekufa. Mnunuzi alimulika ndani kwa tochi na kukwangua kwa ncha ya kisu. Kingo zilikuwa zimelainika, ndani kulikuwa na vumbi jeusi na utando wa buibui, na chini ya rangi mpya ya krimu zilionekana rangi mbili za zamani, ya bluu na ya kijani, zote zikiwa zimeingia ndani ya ufa. Rangi haiingii kwenye ufa ambao haupo. Kwa hiyo ufa ulikuwepo hata kabla ya ile rangi ya kwanza kati ya hizo. Ufa mpya huwa na kingo kali na rangi ya tofali mbichi.

Sababu yake ilionekana kichochoroni. Nyuma ya nyumba ya kwanza jiwe la Mwanza limechomoza juu ya ardhi, na ukuta umejengwa juu yake moja kwa moja. Nyuma ya nyumba ya tano na ya sita hakuna jiwe; kuna udongo wa kujaza, na ngazi nne za kupanda mlangoni zinaonyesha jinsi sakafu ilivyoinuliwa ili safu ibaki sawasawa. Sehemu moja ya safu imekaa juu ya mwamba usiotikisika, nyingine juu ya udongo ulioshuka katika miaka ya mwanzo. Ukingo wa mwamba unapita chini ya nyumba ya tatu, na ukuta umepasuka hapohapo. Ufa mpana juu na mwembamba chini ni alama ya upande mmoja kulalia chini.

Ili kuthibitisha kwamba umetulia, alibandika viraka vitatu vya jasi kukatisha ufa, kila kimoja na urefu wa sentimita 10 na unene wa nusu sentimita, akaandika tarehe juu yake. Jasi haivutiki, ukuta ukisogea hata kidogo kiraka kinakatika. Mvua mbili kubwa za Novemba zilipita na viraka vyote vitatu vikabaki vizima. Ufa ulihitaji kuzibwa kwa chokaa na mchanga, basi. Punguzo la bei lililotolewa kwa ajili yake lilikuwa la bure, na lilifanya kazi nzuri ya kuwazuia watu wasitazame juu zaidi.

Nyuma ya paripeti

Katika chumba cha duka, pembe ya juu inayopakana na nyumba ya nne, rangi ilikuwa nyeupe kama sehemu nyingine. Lakini tochi ikilazwa ukutani ili mwanga upite sambamba na ukuta, si kuupiga usoni, kila uvimbe unatoa kivuli. Pembe ile ilikuwa na mabaka mawili yaliyotuna, kila moja na ukubwa wa sahani. Ukigonga kwa kifundo cha kidole, lipu inalia tupu kama kibuyu. Lipu hiyo imeachana na ukuta, na huko juu karibu na dari kinachoiachanisha ni maji.

Dari lilitobolewa tundu la kupitisha mtu. Ndani kulikuwa na kenchi kumi za mvule za inchi 2 kwa 5, zimeachana kama nusu mita, ncha zake za mbele zikiwa zimezikwa kwenye ukuta chini ya paripeti. Kipimo cha mbao ni bisibisi bapa na nguvu za mkono. Kwenye kenchi tano za upande wa nyumba ya pili bisibisi iliteleza juu ya mbao bila kuingia. Kwenye tano za upande wa nyumba ya nne iliingia sentimita 4 bila kusukumwa, na ilipotoka ilileta unga wa kahawia uliovunjikavunjika vipande vya mraba, wenye harufu ya uyoga. Mvule haushindwi na mchwa kirahisi, na ndiyo maana watu huuamini kupita kiasi. Lakini ncha ya mbao inayokunywa maji kila msimu wa mvua ikiwa imefungiwa ndani ya ukuta bila hewa itaoza, iwe mvule au mbao yoyote. Mchwa huja baadaye, mbao ikishalainika.

Kwa nini tano za upande mmoja tu? Jibu lilikuwa juu ya paa. Nyuma ya paripeti kuna gata moja ya bati inayopita juu ya nyumba zote sita, urefu wa mita 31.2. Inateremka kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati, yaani mpaka wa nyumba ya tatu na ya nne. Mjenzi aliweka bomba mbili za inchi 3 hapo, moja kila upande wa mpaka. Bomba ya nyumba ya nne ilikuwa imezibwa kwa zege. Mwenye nyumba hiyo alipoweka baraza na bango la duka lake, bomba ilikuwa njiani, akaikata na kuiziba kwa juu.

Hesabu yake ni hii. Mteremko wa mbele wa bati ni mita 5.5, mara 31.2, karibu mita za mraba 172. Mvua ya vuli ikipiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, hata kwa dakika kumi tu, paa hilo linamwaga zaidi ya lita 280 kila dakika. Bomba ya inchi 3, maji yakiwa yamesimama sentimita 5 juu ya mdomo wake, hupitisha takribani lita 160 kwa dakika ikiwa safi kabisa. Mbili zinatosha, mjenzi alijua alichofanya. Moja haitoshi hata siku ya kwanza, na hii moja ilikuwa na mifuko ya plastiki, majani na kiota cha ndege mdomoni. Maji ya nyumba sita yalikuwa yakipanda ndani ya gata hadi yavuke ukingo wa ndani, yakiingia kwenye ncha za kenchi za nyumba moja.

Kipindi cha kiangazi jambo hili hupimwa kwa ndoo. Ndoo kumi za lita 20 zikimwagwa kwenye gata ndani ya dakika mbili ni lita 100 kwa dakika, ambazo bomba moja safi lazima izimeze. Mara ya kwanza maji yalipanda. Baada ya kuzibuliwa yalishuka vizuri. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema tatizo lilikuwa uchafu. Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba ilipokuja, bomba ikiwa safi, maji yalivuka tena ukingo. Bila bomba ya nyumba ya nne, nyumba ya tatu haiponi, hata ukibadilisha gata yako yote ya mita 5.2.

Matengenezo ya mbao yenyewe yanajulikana. Kila kenchi iliyooza inakatwa hadi sentimita 30 ndani ya mbao nzima, kisha kipande kipya cha inchi 2 kwa 5 kinalazwa ubavuni kwa mwingiliano wa sentimita 60 usiopungua na kufungwa kwa bolti mbili za milimita 12. Ncha mpya isizikwe kwenye mota. Ipakwe lami na kuachiwa nafasi ya sentimita moja au mbili pande zote ipate hewa. Na kwenye paripeti itobolewe tundu la dharura la sentimita 10 kwa 5, mdomo wake ukiwa chini ya ukingo wa ndani wa gata, ili siku bomba ikiziba maji yamwagike barabarani mbele ya macho ya kila mtu badala ya kuingia ndani kimyakimya. Tundu hilo linagharimu saa moja ya fundi, na paripeti nyingi za mjini hazina.

Ukuta wa kati

Ukiwa bado darini, tazama kushoto na kulia. Upande wa nyumba ya nne ukuta wa pamoja ulikuwa umeishia sentimita 40 chini ya bati, na mwanga wa jirani ulionekana. Safu nyingi za zamani ziko hivyo: wajenzi waliona tofali zinazoishia usawa wa dari zinatosha. Moto ukianza kwa jirani unatembea chini ya bati kutoka nyumba hadi nyumba, na mwizi naye hana haja ya kuvunja mlango. Kuinua ukuta hadi kugusa bati ni kazi ya siku mbili, lakini ukuta si wako peke yako, kwa hiyo ni kazi ya kukubaliana.

Upande wa nyumba ya pili kulikuwa na jambo la kutazamwa kwa makini zaidi. Ukuta huo una unene wa inchi 9, sawa na sentimita 23, na ncha tatu za zege zenye nondo zilikuwa zimetokeza milimita chache upande huu. Jirani alijenga ghorofa ndogo ya stoo ndani ya duka lake na kukalisha boriti zake kwenye ukuta wa wote wawili. Timazi ilining'inizwa kutoka dari, kimo cha mita 2.7, na umbali kati ya uzi na ukuta ukapimwa juu na chini. Tofauti ilikuwa milimita 9, kiasi cha kawaida kwa ukuta wa umri huo. Ukikuta sentimita 2.5 na zaidi katika kimo cha chumba kimoja, au ufa wa mlalo unaofuata mstari wa boriti za jirani, simamisha kila kitu mpaka mhandisi aingie nyumba zote mbili. Hapa palikuwa na ufa wa mlalo mwembamba kama unywele chini ya boriti moja tu. Uliandikwa, ukapigwa picha yenye rula pembeni, na jirani akaonyeshwa. Picha hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: siku jirani atakapoongeza mizigo, kuna cha kulinganisha.

Lipu inayoishia usawa wa kifua

Chumba cha nyuma kilikuwa na lipu mpya iliyoanzia sakafuni na kuishia kwenye kimo cha mita 1.2, mstari wake ukionekana chini ya rangi. Ukiona mstari huo, jua kuna mtu aliyeficha unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwenye ukuta usio na kizuizi cha unyevu kwa kawaida hayapiti mita moja au moja na kidogo, na fundi hubandua na kupiga lipu mpya ya saruji hadi juu kidogo ya hapo.

Alibandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zikafungwa kwa gundi ya utepe, kwa saa 48. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, jambo la kawaida karibu na ziwa. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yalikuwa nyuma.

Sababu ilikuwa uani. Zege la uani lilikuwa limemwagwa mara mbili, tabaka juu ya tabaka, hadi likawa juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita 6. Mvua ikinyesha uani unakuwa beseni, na ukuta wa nyuma ndio ukingo wake. Dawa haimo kwenye ndoo ya rangi ya kuzuia maji. Kata zege upana wa sentimita 30 ukutani kote, shusha hadi sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na toa mfereji. Bandua lipu ya saruji, kwa sababu inafungia maji ndani ya tofali laini na kuyasukuma yapande zaidi. Piga nyingine ya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Kisha subira: ukuta wa zamani hukauka kwa kiasi cha mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo huu wa inchi 9 utachukua karibu miezi tisa, na wakati wote huo usipakwe rangi ya mafuta.

Bluu kwenye chemba

Mfuniko wa chemba uani ulikuwa umefunikwa na rangi na haukuwa umeinuliwa siku nyingi. Ulipoinuliwa, kitu cha kwanza kilikuwa mstari wa mafuta ukutani mwa chemba, sentimita 30 juu ya mfereji wake. Mstari huo ni kimo ambacho majitaka yamewahi kupanda na kusimama. Chemba yenye afya haina mstari.

Cha pili kilihitaji bluu ya kufulia. Pakiti moja ilimwagwa kwenye choo cha nyumba ya pili kwa ruhusa ya wenyewe, ikafuatiwa na ndoo mbili za maji. Baada ya dakika chache bluu ilipita kwenye chemba hii. Kisha pakiti nyingine kwenye choo cha nyumba yenyewe: ikapita hapohapo na kupotea kuelekea nyumba ya nne. Ilitokea kwenye chemba ya mwisho, kichochoroni nyuma ya nyumba ya tano. Kwa hiyo majitaka ya nyumba ya pili yanapita uani kwako, na yako yanapita chini ya nyumba ya nne, ambako juu ya bomba pamejengwa jiko.

Bomba zenyewe ni za udongo, inchi 4, vipande vifupi vilivyounganishwa kwa mota. Ili kuona ndani bila kamera, weka tochi kwenye chemba moja na kioo kidogo kwenye nyingine. Bomba iliyonyooka inaonyesha duara kamili la mwanga. Hapa lilionekana nusu duara tu: bomba imekalia chini katikati, na maji yanasimama hapo daima. Kila kitu kizito kinatulia mahali hapo, ndiyo sababu ya mstari wa mafuta.

Siku bomba itakapoziba kabisa, mchimbaji ataanzia jikoni kwa jirani. Njia ya kujitegemea ni bomba mpya ya plastiki ya inchi 4 kupitia kichochoroni, mita 11 hadi chemba ya mwisho. Mteremko wa bomba hiyo ni sentimita 2.5 kwa kila mita, jumla sentimita 27.5, kwa hiyo kabla ya kununua bomba pima kwa mpira wa maji kama chemba ya mwisho iko chini kiasi hicho. Ilikuwa chini sentimita 41, njia ipo. Kuunganisha kunapitia MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, na ukiwa huko uliza pia deni la akaunti ya maji ya nyumba.

Maji safi na umeme havikuchukua muda. Koki zote zilifungwa na mita ya maji ikatazamwa nusu saa, haikusogea. Koki ya jikoni ilijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika tano wakati ya uani, iliyo kwenye bomba mpya, ilijaza kwa dakika mbili. Tofauti hiyo ni kutu ndani ya bomba ya chuma, na bomba ya namna hiyo inabadilishwa, haisafishwi. Kwenye umeme, meinswichi ilizimwa na redio ya nyumba ya nne ikanyamaza. Waya ulikuwa umevutwa kupitia ule uwazi wa juu ya ukuta, ukila LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya nyumba ya tatu. Soketi za zamani zilikuwa na nyaya mbili tu bila ethi, na mpira wa waya ulipokunjwa ulipasuka. Nyumba kama hiyo inavutwa waya upya yote, bila mjadala.

Karatasi

Kufikia hapa mnunuzi alikuwa amegundua kwamba gata, bomba ya majitaka na waya vyote vinagusa nyumba ya nne. Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ulimaliza picha. Nyumba ya tatu haina hati yake. Kiwanja ni kimoja kwa nyumba ya tatu na ya nne, kwa jina la marehemu baba wa muuzaji. Nyumba ya nne anakaa ndugu wa muuzaji. Walichogawana ni kuta kwa maneno ya nyumbani, si kiwanja.

Hili huwezi kuligundua kwa kutazama nakala ya hati anayokuonyesha dalali, kwa sababu hati ni halali kabisa. Unaligundua kwa futi. Ramani ya hati ilionyesha upana wa mbele wa mita 10.4, nyumba inayouzwa ina mita 5.2. Chukua vipimo vya ramani, pima mwenyewe mbele na nyuma, na tofauti ya zaidi ya upana wa ukuta mmoja ieleweke kabla ya mazungumzo mengine.

Maswali mengine yaliulizwa kwa mpangilio huu. Je, muuzaji ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wengine wameridhia kwa maandishi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka pia ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa. Hati imebakiza miaka mingapi? Hii ni ya miaka 33 kuanzia 1996, kwa hiyo inakwisha 2029, na kuihuisha ni shughuli yenye gharama zake. Kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani? Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kupitia LUKU, lakini deni la miaka ya nyuma linaweza kuwepo. Kuna rehani au zuio lililoandikishwa? Mpangaji wa duka amelipa hadi lini?

Kwa nyumba za safu hii kuna swali moja zaidi ambalo lisikosekane. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji wa shirika hawezi kuuza nyumba. Anachoweza kukuachia ni ufunguo, na fedha unayompa ni kilemba. Watu hulipa kilemba wakidhani wamenunua. Jina lililoko kwa Msajili wa Hati ndilo linaloamua. Hapa lilikuwa la marehemu, na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi ilikuwepo.

Kilichoandikwa kwenye mkataba

Bei ya mwanzo ilikuwa imeshapunguzwa kwa ajili ya ufa. Mnunuzi alilirudisha punguzo hilo mezani na kuweka orodha ya vifaa badala yake: kenchi tano, gata, zege la uani, lipu ya chumba cha nyuma, bomba ya mita 11, waya wa nyumba nzima. Orodha ya vifaa na siku za fundi ni bora kuliko tarakimu ya jumla, maana bei za duka hubadilika na muuzaji anaweza kuihakiki mwenyewe kwa fundi wake.

Lakini mazungumzo ya maana yalikuwa na ndugu wa nyumba ya nne, kwenye baraza lake, wakili akiwepo na mwenyekiti wa mtaa akishuhudia. Bomba ya gata alikubali kuizibua palepale. Hakuwa amejua maji yanakwenda wapi, na bango lake lingeweza kusogezwa sentimita 20. Waya wa umeme ulikatwa kabla kikao hakijaisha. Bomba ya majitaka ya zamani ilikubaliwa ibaki ikipita chini ya jiko lake mpaka ile ya kichochoroni ikamilike. Kiwanja ndicho kilichochukua muda: kukigawa kunahitaji saini yake, mpimaji, na idhini ya mipango miji, na vipande vya mita 5.2 ni vyembamba kiasi kwamba ofisi inaweza kuvikataa. Kwa hiyo mkataba ulitaja njia ya pili, hati za sehemu za jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, iwapo ya kwanza itakwama.

Malipo yaligawanywa mara tatu. Sehemu ya kwanza, ndogo, ililipwa siku ya kusaini na inarudishwa yote maombi yote mawili yakikataliwa. Ya pili hulipwa ofisi ikishatoa idhini kwa maandishi. Ya tatu hulipwa siku hati yenye jina la mnunuzi inapotoka kwa Msajili. Funguo alipewa baada ya malipo ya pili, na kazi ya kwanza aliyoamuru fundi ni tundu la dharura kwenye paripeti, kwa sababu masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu kuanza.